Kibandiko

Tangu kabla sijazaliwa jiwe hili lilikaa
juu ya kabati la vyombo, nyumba za mgodi, Kilembe,
likizuia risiti za umeme zisipeperuke.
Jumamosi mama alilipangusa kwa ukingo wa kitenge
bila kulitazama, kama mtu apangusavyo uso wa mtoto
huku akizungumza na jirani.

Leo limekalia pamba.
Bwana Rwakaikara, mnunuzi kutoka Kampala,
amelipima kwa rula ya plastiki: sentimita sita na nukta mbili.
Amelisogezea jicho lenye lenzi, akashusha pumzi
kama aliyeonja mchuzi wa kwao.
"Azuraiti," anasema. "Fuwele nzima, ncha hazijavunjika.
Msilioshe kwa sabuni. Wala msilipanguse."
Mama anaangalia kitenge chake.

Ni buluu gani hii?
Si ya anga; anga letu huvaa ukungu hadi saa nne.
Si ya sare za shule, si ya nili ya kufulia mashuka.
Ni buluu iliyofungiwa gizani mpaka ikakolea,
ikakaribia kuwa usiku,
ikaahirisha.

Baba alitoka nalo ndani ya kopo la chakula,
chini ya muhogo uliobaki.
Mlinzi wa lango alifunua, akaona muhogo, akafunika.
Shaba nyingine yote ilipanda treni kwenda Jinja kuyeyushwa,
ikawa waya, ikawa sijui nini,
kwa watu wasioijua Kilembe.
Nilimwuliza mara moja: ulilichukua la nini?
Akakohoa kwanza, kama kawaida yake.
"Macho yalichoka kijivu."

Kisha kifua kilimaliza zamu yake.
Kisha Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kama ng'ombe,
ukachukua jiko, mbuzi wawili,
na picha yake, ile moja tu tuliyokuwa nayo.
Tuliporudi, kabati lilikuwa limeegemea ukuta,
tope hadi kiunoni,
na jiwe juu yake, kavu.

Mnunuzi analigeuza. Pembeni kuna doa la kijani.
"Malakaiti," anasema. "Buluu hugeuka hivi,
polepole mno, kwa hewa na maji. Sisi hatutaliona likiisha."
"Kumbe nalo linazeeka," mama anasema,
na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu chai.

Laki tisa. Mabati, na chenji ya misumari.
Anahesabu noti mara mbili, anazikunja, hazifichi bado.
Mnunuzi anaandika kibandiko kwa herufi ndogo za chungu:
Azuraiti na malakaiti. Kilembe, Kasese, Uganda. Sm 6.2.
Anafunga kalamu.

"Na Thembo?"

"Wakusanyaji huuliza mahali, mama. Si mtu."

"Mahali hapakulichimba."

Nje, mtoto wa Biira anaburuta sufuria kwenye changarawe.
Mnunuzi anaitazama kalamu, anaitazama kadi iliyojaa,
anaifungua tena.
Jina linaanza chini, linakosa nafasi,
linapanda ukingoni kama mtu kwenye ngazi ya shimo:
Thembo, zamu ya usiku.
Mama ananipa nisome. Nasoma.
Anasema nisome tena.

Risiti sasa zinazuiwa na kikombe kisicho na mkono.
Jumamosi alipangusa kabati lote, mwanzo hadi mwisho.
Alipofika pale,
akazunguka.