Mmea Uliosubiri Siku Ndefu

Ghalani, kiwanda cha bia, Kisumu, zamu ya usiku.
Nakata kamba ya robota lililotoka ng'ambo
na harufu inaruka kabla kisu hakijamaliza kazi:
majani mabichi, ganda la chungwa, beberu aliyenyeshewa.
Vijana wapya hupiga chafya.
Mimi humkumbuka babu.

Arap Sigilai alionja bia ya chupa mara moja,
akatema, akauliza nani ametia shubiri.
Lakini hopsi aliijua kwa viganja,
kule Molo, mwaka uliofuata ule wa nzige,
Bwana Haskett aliposhuka garimoshi na sanduku la mizizi
iliyovikwa magunia mabichi kama watoto wenye homa.
"Hii kitu napanda juu," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani.
"Juu sana. Nafuata jua."

Wakasimika nguzo za mtarakwa, kimo cha watu watatu,
wakatandaza waya.
Jioni mzungu alikalia ndoo iliyopinduliwa, akasimulia:
watawa wa Ujerumani walioilima nyuma ya kanisa
miaka elfu na ushei kabla ya reli yetu;
pombe iliyokuwa ikichacha kabla ya wiki kwisha,
hadi uchungu ulipoingia pipani ukawa bawabu;
Waingereza walioiita gugu ovu, wakaapa,
kisha wakanywa.
Kwao Kenti, wanaume walitembea juu ya magongo marefu
kama korongo, wakifunga kamba huko angani,
na maskini wa London walikuja na sufuria na watoto
kuvuna, kulala kwenye majani makavu, kugombana, kuoana.
Ikavuka bahari na wahamiaji, Marekani, Tasmania,
na kila ilipotua iliuliza swali moja tu:
mchana wenu wa kiangazi una urefu gani?

Na kwamba jike ndilo lenye zao. Dume hung'olewa.
Hilo babu alikwenda kumsimulia nyanya Tapletgoi.
Alijuta hadi alipozikwa.

Mvua ya Aprili ilipokuja, mmea ulipanda.
Ulishika waya, ukakwaruza mikono ya watu, ukasimama.
Kwa maana Molo jua hupita utosini,
nusu ya mwaka likiegemea kaskazini, nusu kusini:
ulifuate kwa mkono upi?
Mchana saa kumi na mbili, usiku saa kumi na mbili,
mizani isiyopunja mtu,
na mmea ule haukuzoea haki.
Ulisubiri siku irefuke.
Siku haikurefuka.

Bwana Haskett akatundika karabai nguzoni
kuudanganya.
Nondo walidanganyika. Watoto walidanganyika,
wakaja kucheza usiku wa manane.
Mmea ukatoa vitumba viwili, kila kimoja kama ncha ya kidole.
Akavinusa, akavitia mfukoni mwa koti,
na Januari akalima shamba lote, akapanda pareto.

Siku ile ile nyanya alikuwa akikaanga unga wa wimbi,
kimea kimeshaota kwenye gunia, mirija imeoshwa.
Pombe yake haikuwa na bawabu.
Ilipikwa, ikaiva, ikamalizwa na majirani.
Pombe isiyosafiri
inamwogopa nani?

Mtama wetu unatoka Siaya. Maji, ziwa hili.
Uchungu peke yake bado unaletwa kwa meli,
nami ndiye ninayeupima kwa gramu
na kutia sahihi: Chelang'at, ghala la pili.

Desemba nilipanda Molo kuona kaburi.
Nguzo moja ya mtarakwa imebaki, imekuwa nyeusi,
na maharagwe ya shangazi yameikwea hadi kichwani.
Nilizunguka kuangalia yamejisokota upande gani.
Kinyume.
Kinyume kabisa na alivyofundisha Bwana Haskett,
na yamejaa maua.