Ilani Mlangoni pa Otacílio

Niliiandika kwa kalamu nyekundu, nikaibandika:
Jumamosi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba,
tafadhali jirani, usioge maji ya moto.
Sababu sikuitaja. Ningeielezaje?
Kwamba mwanamke wa miaka arubaini na saba,
fundi wa meno ya bandia,
mchana kutwa huchonga magego ya watu asiowajua,
na usiku huketi sakafuni, katika Pelotas hii
inayoota ukungu hadi ndani ya viatu,
akimshusha mchimba madini mwenye kofia ya njano
ngazi kwa ngazi, shimoni?

Mchezo wenyewe haukumbuki kitu.
Ukizima, umerudi juu, mikono mitupu.

Mpwa wangu Wanderlei hucheka:
"Shangazi, kompyuta yangu inaiga yote hayo,
rangi, mlio, yote. Unajitesea nini?"
Popo wakijaa pangoni, mashine yangu hulemewa,
picha hutambaa, muziki huburuta miguu,
nami tangu nina miaka kumi na mmoja
hupumulia hapo, kwenye uchovu wake.
Kompyuta ya Wanderlei haichoki.
Nitapumulia wapi?

Basi huandaa. Pamba na spiriti
kwenye meno ya kaseti (nayo ina meno,
na nimeyasugua kwa adabu kuliko ya wateja).
Waya mmoja kwenye televisheni ya chogo,
mwingine kwenye kisanduku kinachonasa picha.
Kisanduku hicho kina maringo:
mchimbaji akifungua ramani,
kinazimia sekunde mbili, kinaacha giza.
Nimejifunza kutofungua ramani.

Mara ya kwanza sauti haikuingia.
Mara ya pili diski ilijaa nikiwa ngazi ya tisini.
Ya tatu nilikufa tu, sina wa kumlaumu.
Ya nne ni Otacílio:
aliwasha bomba lake la mvua, lile la umeme,
taa zangu zikasinzia kama muumini kwenye mahubiri marefu,
mchimbaji akaganda, mguu mmoja hewani.
Ndipo nikatafuta kalamu nyekundu.

Jumamosi ile baridi ya Julai iling'ata vidole.
Nilivaa glavu nilizozikata ncha.
Saa sita kasoro dakika moja nilikuwa chini kabisa,
mbele ya joka la makaa,
limebakiza pigo moja la sururu, nami vilevile.
Taa zikafifia.
Kisanduku kikakata roho, kijani chake kikazimika.
Mashine, ya mwaka themanini na tisa,
sijui ilishikilia kwa nini. Ilishikilia.
Nikapiga.

Hodi mlangoni.
Otacílio, dereva wa lori la maziwa,
taulo mabegani, povu sikioni, anatetemeka.
"Nimesahau. Nimekumbuka maji yaliponigusa mgongo."
Nilishindwa kumfokea; macho yangu yalikuwa kwenye kioo.
Akaingia, akasimama akichuruzika juu ya zulia.
Mchimbaji alikuwa anapanda, ngazi zote zile,
bila mimi kugusa kitu,
na mbingu ya rangi nne ikafunguka juu yake.

"Ametoka?"
"Ametoka."
"Aliingia lini?"
"Saa mbili."
Akatikisa kichwa. "Maskini. Atakuwa na njaa."

Rekodi ninayo: saa tatu, dakika hamsini na nane,
kisha weusi.
Wanderlei anasema hiyo haihesabiki,
na kwa sheria za wenzake, kweli haihesabiki.
Nimeihifadhi. Nimeipa jina la Otacílio.

Usiku ule, alipopanda ngazi kurudi kwake,
nilisikia maji yakianza tena juu ya dari
na taa zangu zikainama.
Nikaziacha ziiname.
Bado alikuwa na povu sikioni.