Sura ya Saba

Duka la fotokopi nyuma ya stendi ya Ruwi
hufungwa saa nne usiku. Mimi hubaki.
Bwana Pillai anajua kwamba hubaki,
hunikata baisa kumi kwa karatasi na haulizi.
Kiswahili hasomi. Wala mashine haisomi:
hupitisha taa yake ya kijani juu ya mwandiko wangu
kama askari anayekagua buti la gari
bila kuambiwa anatafuta nini.

Nakala sita, bahasha sita za kaki.
Ya Zuwena wa benki. Ya Sleyum dereva.
Ya Bi Mgeni, aliyefundisha miaka thelathini
na bado anatembea na kalamu nyekundu.
Ya Mbaraka, anayelinda ghala kule Ghala
(mzaha huo tumeuchosha, hautuchoki).
Ya nesi wa Tanga. Ya binamu yangu wa Sohar,
ambaye husoma kurasa za mwisho tu.

Niliandika kwa lugha ya mama kwa sababu ya woga.
Kiarabu kingenibana mlangoni: *huwa* au *hiya*?
Kila kitenzi kingetaka kitambulisho.
Lakini hii aliyotoka nayo mama Unguja,
yeye na mbuzi yake ya kukunia nazi,
hii ni lugha ya kiungwana, haichungulii.
Alikuja. Alicheka. Akanimegea mkate.
Nani?
Yeye.
Basi.

Sura sita, Haitham wangu akampenda yeye.
Sikutaja nguo, sikutaja sauti,
nilitaja mikono, na jinsi alivyochonga penseli
akampulizia unga wake usoni kwa utani,
na Haitham siku hiyo hakunawa uso mpaka magharibi.
Bahasha zilirudi na maneno pembeni.
Sleyum: *Binti huyu atamliza.*
Bi Mgeni: *Wazee wake wakapose, wanangoja nini?*
Nikacheka peke yangu, mgongo kwenye kiyoyozi.
Halafu kicheko kikanikaa kooni
kama mwiba wa changu.

Sura ya saba niliiandika Juni,
usiku ambao hata bomba la baridi lilitoa maji ya moto.
Nikaandika kishada cha kanzu kinavyochovywa manukato,
kinavyoning'inia shingoni kwa aliyekaa dawati la pili,
kinavyogusa daftari la Haitham akiinama kuazima rula.
Kisha nikaandika jina. Azzan.
Herufi tano. Nikazipiga nakala sita
kabla mkono haujabadili nia.

Wiki mbili, kimya.

Zuwena alikuwa wa kwanza:
*Dawati moja, mvulana na binti, shule ya serikali ya hapa?
Nilijua tangu sura ya pili.
Nilinyamaza nisikutoe mbio.*
Nesi wa Tanga alikuja mwenyewe, kajifunga buibui,
akaweka bahasha mezani kwa mikono miwili.
Akasema, Nitakuombea.
Sikujua niombewe nini. Akanunua kalamu tatu,
akasimama mlangoni kidogo, akaenda.
Bi Mgeni alinisahihisha *dhambi* na *thamani*,
akanikata alama mbili kwa mkato uliopotea,
na chini kabisa, kwa wekundu uleule:
*Ya nane lini?*

Mbaraka hakuandika pembeni.
Alileta kurasa nne, mgongoni mwa fomu za zamu,
habari za mtu wa Likoni, miaka ishirini nyuma,
aliyemfundisha kuendesha baiskeli usiku
ili asionekane akianguka.
Kurasa nne nzima, yeye, yeye, yeye.
Sikuuliza.
Nilizisoma mara mbili, nikamrudishia,
nami pembeni nikaandika: *Endelea.*

Ya Sleyum haikurudi.
Humwona kwenye foleni ya teksi,
anasafisha kioo ambacho tayari ni safi.

Leo ya nane imekamilika.
Nimepiga sita vilevile.
Ya Sleyum nimeiweka droo ya chini,
pamoja na picha za pasipoti
ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua.