Mageti Mawili

Jumamosi, geti la kwanza, njia ya Kisongo:
mwongozaji ana kipaza sauti,
chatu anahamishwa shingo hadi shingo
kama shada la mahafali.
Picha elfu kumi. Anayefuata!
Elinami alicheka, meno yote nje.
Chatu alikuwa wa baridi kama bomba la asubuhi.

Jumapili, Usa River. Geti ni kamba tu.
Nanyaro hana sare, ana ndoo ya maganda ya ndizi.
"Kaeni. Akitaka, atakuja."
Tukakaa. Nyasi zikatuwasha.
Kobe akapiga hatua sita, akatutazama,
akageuza.

Njia nzima mwanangu kimya.
Tulipofika Tengeru nikamuuliza: wapi palikuwa pazuri?
"Kwa kobe," akasema.
"Alitukataa."