Nta

Kiliachia adhuhuri, siku ya Watakatifu Wote,
penye lango la makaburi ya Bródno,
katikati ya wauza krisantemu na polisi wa barabarani:
kitufe cha chuma, jino la juu kushoto,
kimeng'olewa na peremende.

Si peremende hivi hivi. Ni ile nyeupe na waridi
inayouzwa hapa Warszawa, milangoni mwa wafu,
imeviringwa karatasini kama kidole chenye jeraha.
Daktari aliniandikia orodha: bisi, njugu, barafu, tofi.
Hii hakuiandika. Bado kijana.
Pengine hana kaburi la kwenda.

Nina miaka hamsini na saba.
Vyuma hivi nimevilipia mwenyewe, mafungu kumi na manane,
kwa zamu za usiku kwenye karakana ya tramu,
na dada yangu Jolanta alipoviona mara ya kwanza
aliweka kijiko mezani.
"Unajipamba kwa ajili ya nani?"
"Kwa ajili ya tufaha," nikamjibu.
Kwani sijawahi kuuma tufaha zima.
Tangu utotoni nalikata vipande, kama mgonjwa.

Sasa waya umechomoka, ncha imegeuka,
inanidunga shavu kila nitamkapo s,
na lugha yetu hii, Mungu aibariki,
imejaa s, na sh, na ndugu zao wote wa kuchakarisha.
Jaribu wewe kumsalimu mjomba Zdzisław
na msumari mdomoni.

Nikapiga simu kliniki. Ikajibu mashine,
sauti nyororo ya mtu asiyewahi kuumwa jino:
tumefunga, tutafungua Jumanne.
Nikausukuma waya kwa ukucha. Ukarudi.
Nikaulaza kwa ulimi. Ukarudi.
Damu kidogo. Ladha ya sarafu.

Jolanta alikuwa amepiga magoti, anasugua jiwe
kwa brashi ya vyombo.
"Nilikwambia," akasema,
na hakusema aliniambia nini.

Mama yumo humu. Czesława.
Alicheka miaka sabini na kiganja kinywani.
Picha zake zote ni kiganja:
harusini kiganja, ubatizo wangu kiganja,
ufukweni, upepo umembeba kofia, kiganja kiko mdomoni
na kofia inakwenda zake.
Meno yake yalikuwa yangu kabla sijazaliwa,
yamepandana kama watu wanaogombea dirisha moja.
Hata hapa, kwenye kigae kilichobandikwa jiweni,
amefunga midomo kama bahasha.

Nikawasha taa yake, ile ya kioo chekundu.
Nikangoja.
Nta ilipolainika pembezoni nikachota kwa kidole,
nikaifikicha ikawa punje ya pilipili manga,
nikakausha jino kwa ncha ya leso,
nikaibandika juu ya waya, nikabonyeza.
Ikashika.

Ladha ya moshi, na kitu kama sabuni.
Nikalitamka jina lake taratibu, Czesława,
jina lenye miiba miwili.
Hapakuchoma kitu.

"Umemwibia mama mshumaa," akasema Jolanta.

Nikacheka. Nilicheka vibaya, kwa sauti,
mpaka familia ya kaburi la pili ikageuka.
Mkono ukainuka wenyewe, kwa mazoea ya ukoo,
ukafika kifuani
ukasimama pale, umeshika kifungo cha koti,
haujui ulitumwa nini.

Kitufe kiko mfukoni, ndani ya karatasi ya peremende.
Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi.
Najua nitaulizwa nilikuwa nikila nini.

Kipande kilichobaki nimempa Jolanta.
Yeye meno yake ni ya bandia, huyatia glasini usiku.
Alikinyonya njia nzima hadi kituo cha tramu,
akajifuta, akasema ni kitamu mno,
akanitazama mdomo kwa kitambo,
kisha akaniuliza
bei.