Mnong'onaji

Kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya jukwaa,
tochi mdomoni, daftari magotini,
nikimsikiliza Mbuke Lusangija akipumua.
Hakuna aliyelipa kiingilio kuniona mimi.
Mtu anayejua maneno ya wote
na hana hata moja la kwake,
huyo ndiye mnong'onaji.

Alitokea mwaloni Kirumba, kwenye mizani ya dagaa.
Mwalimu Bugingo alimkuta akigombana na mchuuzi
kwa sauti tatu: yake, ya mchuuzi,
na ya marehemu bibi yake aliyemwita shahidi.
Watu waliacha kupima. Vibaka walisahau kuiba.
Mwalimu akamwambia, njoo Jumamosi.
Akauliza, nauli ipo?

Mwaka wa kwanza alicheza maiti.
Mwaka wa pili, mke mdogo, na mama yake mzazi
akasimama safu ya mbele: "Mwacheni mwanangu!"
Mwaka wa nne jina lake likapata bango zima,
herufi nyekundu, na wakalikosea: LUSANGIJI.
Akakataa lisahihishwe.
"Wakitaka kuloga, watamloga huyo."

Nansio tulicheza uwanjani, taa za jenereta.
Wadudu wa ziwa wakaja wingu zima,
wakaingia kwenye taa, kwenye kanga, kwenye kinywa chake
katikati ya neno "mume".
Akatafuna. Akameza.
"Hata yeye nilimmeza hivihivi," akasema,
maneno ambayo hayakuwamo daftarini.
Nikayaandika palepale,
wino ukichanganyika na mbawa.

Kisha Dar es Salaam wakamtaka kwa filamu.
Wakampa mama mkwe katili, wakampa tena, na tena,
mpaka Sengerema watoto wakawa wanatishwa kwa jina lake.
Aliporudi, muuza nyanya wa Mlango Mmoja akamnyima nyanya:
"Yule mkamwana alikukosea nini wewe?"
Mbuke akasimama, pochi wazi mkononi,
akaomba radhi kwa niaba ya mwanamke
ambaye hakuna tumbo lililowahi kumzaa.
Akapewa fungu, na nyongeza tatu.
Usiku akanipigia simu:
"Elikana, sijawahi kucheza vizuri kama leo."
Sikuuliza.

Lakini nilitaka kusema habari ya kimya chake.

Kulikuwa na kimya cha kusahau.
Hicho kina pumzi fupi,
na vidole vya miguu hujikunja juu ya ubao;
nami nilikuwa karibu na vidole vile
kuliko waume zake wote wawili.
Na kulikuwa na kimya cha kucheza:
jiwe juu ya jiwe, kama yale ya majini kwetu,
kila mtu akingoja lianguke
na kila mtu akiomba lisianguke.
Nilikosea mara moja tu, ukumbi umejaa,
mkuu wa mkoa yupo na mkewe.
Nikanong'ona ndani ya kimya cha pili.
Nilisikika mpaka kwenye viti vya nyuma.
Baada ya onyesho akaniletea chipsi na kofi.
Kofi kwanza.

Sasa yuko Bugando, kitanda cha dirishani.
Ziwa lote liko pale chini, halimwangalii.
Kiharusi, wanasema madaktari.
Wajukuu wanamwonyesha sura yake kwenye simu,
nesi kijana anamwigizia yule mama mkwe,
vibaya, lakini kwa upendo.
Mbuke anatazama tu.
Binti yake ananiambia mlangoni, ameshasahau kila kitu, mjomba.

Nimengoja watoke wakanywe chai.
Nimefunua shuka upande wa miguu.

Vidole vimenyooka.

Daftari ninalo. Neno linalofuata ninalijua.
Nimefunga mdomo.