Barua za Marehemu

Kazi yangu ni kubandika.
Nina mkanda, nina orodha ya kurasa kumi na tisa,
na kamera ndogo ya kuthibitisha kwamba mlango ulikuwepo
na karatasi ilikuwepo.
Mimi pia nilikuwepo, ila sionekani pichani.

Saginaw, Michigan, mwezi wa pili. Theluji imeshageuka majivu.
Mtaa huu ulilishwa na kiwanda cha kusubu chuma;
sasa kati ya nyumba na nyumba ni mapengo,
kinywa cha bondia aliyestaafu.

Nabisha. Sheria inataka nibishe.
Anafungua Bi Verlean Stallworth, ndani ya koti la baba yake,
mikono ya koti imevipita vidole.
Anasoma jina kwenye karatasi.
"Unamtaka Otha. Otha tulimzika mwaka wa mafuriko."

Namweleza kama nilivyofundishwa, polepole:
usipolipa kodi ya jengo, deni linahama,
linatoka mjini linakwenda kwa mhazini wa kaunti
na huko linanenepa kila mwezi bila kulishwa.
Mwaka wa pili nyumba inaandikwa upande wa kaunti.
Wewe bado unapika humo, unafagia, unaugua mafua,
lakini daftarini imeshageuza shingo.
Mwaka wa tatu ni jaji.
Siku ya mwisho ya mwezi wa tatu, ofisi ikifungwa,
mlango wa kukomboa nao umefungwa.
Kesho yake uje hata na gunia la noti:
samahani mama, umechelewa.

Dawa ya deni kulipa.
Wahenga walitaja dawa, hawakutaja duka.

"Barua hazikufika?"
Akanipeleka jikoni, akavuta droo iliyokwama, akaipiga kwa nyonga.
Zilikuwemo zote, kwa tarehe, zimefungwa kwa utepe wa keki.
Hakuna hata moja iliyofunguliwa.
"Zina jina la baba," alisema.
"Sikulelewa kufungua barua ya mtu."

Dola elfu tatu mia nane arobaini na moja, na senti sita.
Hizo senti sita ndizo zilizonikaa kooni.

Upo mpango wa kulipa kidogo kidogo,
lakini sharti nyumba iwe na jina lake;
na ili iwe na jina lake, kuna mahakama ya mirathi;
na mahakama ya mirathi ina ada, ina foleni,
ina karani anayepatikana Jumanne.
Tulizihesabu Jumanne zilizobaki, kwenye kalenda ya kanisa,
yeye kwa kidole, mimi kwa kalamu.

Hazikutosha.

Mwezi wa tano nikarudi na bahasha.
Mnada ukizidi deni, ziada ni ya mwenye nyumba,
ila aiombe mapema, kabla nyumba haijauzwa,
kwa fomu, na fomu huja kwa barua,
na barua iliandikwa: Kwa Otha Stallworth.
Sikuibandika. Nilimpa mkononi.
Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma.
Akachukua kisu cha siagi.
"Niwie radhi, baba," akasema, akaipasua.

Mnada siku hizi hauna nyundo wala kelele.
Ni kioo na saa inayorudi nyuma.
Mtu fulani Tucson, akingoja zamu kwa kinyozi,
alibonyeza mara nne,
akanunua ngazi ambayo kipandio chake cha tatu hulia usiku,
na mrujuani wa nyuma, na harufu ya koti,
bila kujua kama kuna hata dirisha.

Kama ziada ilimfikia, sijui. Faili haliji kwangu.
Mimi nilitumwa kupiga picha nyumba tupu.
Jikoni palikuwa na shimo la mstatili chini ya meza ya kukatia:
aliing'oa droo nzima, akaenda nayo.

Nilipiga picha. Fomu ilikuwa na nafasi ya maelezo.
Niliandika: hakuna uharibifu.